Barabara Moja, Magari Yote: Poti ya USB Iliyonigombanisha na Binamu Yangu

Kwanza niombe msamaha hadharani. Mwaka jana nilimwambia binamu yangu kwamba ameniuzia diski feki. Nilimwambia mbele ya watu, kwenye sherehe ya familia, na nikaongeza maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulikaa miezi mitatu bila kusalimiana. Kumbe diski ilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa kwenye bodi niliyoinunua mwenyewe, kwa pesa zangu na raha zangu, na chanzo cha shida hiyo ni uamuzi uliofanywa Uingereza nikiwa bado shule ya msingi.

Stori iko hivi. Mimi hukata video. Harusi, mahafali, mechi za mtaani, chochote kinacholipa. Kwa nyumba tunaishi watatu na wote ni watu wa kamera, kwa hivyo nikaona heri tuwe na mahali pamoja pa kuweka faili badala ya kupeana diski mkono kwa mkono kama sinia ya pilau. Nikashuka Luthuli Avenue, nikapata Raspberry Pi 3 Model B+ ya mkono wa pili, ile kompyuta inayotoshea kwenye kiganja. Binamu akaniuzia diski ya nje ya terabaiti 2. Nikaichomeka kwenye poti ya USB ya hiyo Pi, nikavuta kebo ya mtandao hadi kwa ruta, nikajiona injinia.

Maelezo ya hiyo bodi yalisema Etheneti ya Gigabiti. Gigabiti moja kwa sekunde ni kama megabaiti 125. Ukitoa hasara za njiani, unabaki na kama 110. Kadi ya kamera ya gigabaiti 64 ingeisha kwa dakika kumi hivi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoenda nayo.

Wikendi moja tukawa na harusi mbili. Kadi sita, zote zimejaa. Mteja mmoja alitaka kionjo kifupi kabla ya saa tatu asubuhi ya Jumapili. Saa sita usiku nikaanza kuhamisha, nikaangalia kasi: megabaiti 16 kwa sekunde. Wakati mwingine 15. Kadi moja ikachukua zaidi ya saa nzima. Ya mwisho iliisha jua likiwa limeshachomoza, na mimi sijakata hata sekunde moja ya video. Mteja alipunguza malipo kwa elfu tano, na sikuwa na la kumjibu. Hasira zote zikaenda kwa binamu.

Kilichonifungua macho ni amri moja. Nilikuwa nimekaa na hiyo Pi usiku mwingine, nikaandika lsusb -t. Hiyo amri inakuchorea vitu vyote vilivyoshikana na USB, kama mti wa ukoo. Nikaiona diski, sawa. Lakini chini ya shina hilohilo, kando ya diski, nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mtandao wa waya. Ile poti ya Etheneti niliyodhani ina njia yake, kumbe nayo ni mtoto wa USB. Shina ni moja. Na kando yake imeandikwa 480M.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia.

Rejista ya darasani

USB ilitoka 1996. Nyuma yake zilikuwa kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq. Kabla yake, nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu ya kila aina: la kibodi, la printa, la kipanya, la modemu. USB ikaja na ahadi kwamba tundu moja litatosha. Kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 12 kwa sekunde, na ilitosha, kwa sababu nani aliwahi kuchapa haraka kuliko megabiti 12? Mwaka 2000 ikaja USB 2.0 na megabiti 480. Mwisho wa 2008 ikaja USB 3.0 na gigabiti 5.

Lakini kuna tabia moja ya USB ambayo ukiielewa, mengine yote yanafunguka. Kwenye USB 2.0, kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Ni kama mwalimu akiita rejista. Kibodi, una kitu? Hapana. Kipanya, una kitu? Ndiyo. Diski, lete. Mwalimu ni mmoja, na wakati mmoja anamsikiliza mtoto mmoja. Watoto wakiongezeka, rejista inarefuka, lakini kipindi ni kilekile.

Kwa hivyo zile megabiti 480 ni za darasa zima, si za kila mtoto. Tena ukitoa muda unaopotea kwenye maulizo na majibu, kinachobaki kwa data yenyewe ni kama megabaiti 35 hadi 40 kwa sekunde. Kwenye kompyuta kubwa huoni hii maneno sana, kwa sababu walimu ni wengi na mtandao una mlango wake. Kwenye kompyuta ndogo ya bei ya chini, mwalimu alikuwa mmoja tu.

Chipu iliyozaliwa kwa kazi nyingine

Sasa twende Cambridge. Miaka ya 2000, Eben Upton na wenzake waliokuwa karibu na chuo kikuu waliona jambo: vijana wanaoomba kusomea kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuchezea mashine mpaka ndani kama vijana wa miaka ya 1980. Wale wa zamani walikulia kwenye BBC Micro, kompyuta iliyotengenezwa hapohapo Cambridge na kampuni ya Acorn mwaka 1981. Ukiiwasha, inakusubiri uandike programu. Vijana wapya walikulia kwenye mashine ambazo mzazi anakuambia usiguse.

Mwaka 2009 wakasajili Raspberry Pi Foundation kama shirika la hisani. Wazo lilikuwa kompyuta rahisi kiasi kwamba mtoto akiiunguza, hakuna kilio. Hata majina Model A na Model B waliyachukua kutoka kwa BBC Micro. Bei waliyolenga ilikuwa dola 25 kwa A na dola 35 kwa B. Dola 35 wakati huo zilikuwa kama shilingi 3,000 za Kenya kabla ya usafiri na ushuru.

Bei hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu kingine. Upton alikuwa akifanya kazi Broadcom, na huko kulikuwa na chipu inaitwa BCM2835. Ilikuwa na nguvu nyingi za video, iliweza kucheza picha za 1080p bila jasho, na ndani yake kulikuwa na prosesa ya ARM ya megahezi 700. Ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya midia, vitu vya jamii ya simu na visanduku vya TV. Simu inahitaji poti ngapi za USB? Moja. Na hiyo moja kazi yake kubwa ni kuunganishwa na kompyuta, si kuongoza kundi la vifaa.

Kwa hivyo hiyo chipu ilikuja na njia moja tu ya USB 2.0. Haikuwa na Etheneti. Haikuwa na njia ya diski. Moja tu, basi.

Sasa wewe unataka kuwapa watoto kompyuta yenye kibodi, kipanya na mtandao, na una mlango mmoja. Walichofanya ni kuongeza chipu ya pili, LAN9512, ambayo ndani yake ni habu ya USB pamoja na Etheneti ya megabiti 100. Upande mmoja inashika ile njia moja, upande wa pili inatoa poti mbili za USB na tundu la mtandao. Ukiangalia kwa nje, matundu ni matatu. Ukiangalia kwa ndani, ni barabara moja.

Fikiria Likoni. Lori, tuktuk, watu wa miguu, mtu na mkokoteni wake: upande wa Mombasa kila mmoja ametoka barabara yake, lakini wakifika majini, feri ni ileile.

Tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ikaanza kuuzwa. Tovuti za wauzaji zilianguka siku hiyo kwa wingi wa watu. Kufikia Septemba 2016, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 10.

Herufi zilizojirudia

Hapa kuna sehemu ambayo naipenda, kwa sababu ni ya watu waliokaa chini na kurekebisha.

Wanunuzi wa kwanza waliona vituko. Unabonyeza herufi moja, inajiandika mara kumi. Kamera inakata picha. Mtandao unapoteza vifurushi. Watu wakalaumu kibodi. Wakalaumu chaja, na ukweli ni kwamba chaja nyingi zilikuwa na makosa pia, kwa sababu umeme mdogo huleta vituko vinavyofanana na hivyo. Lakini chini kabisa, tatizo lilikuwa kwa yule mwalimu wa rejista.

Kwenye kompyuta za kawaida, sehemu inayosimamia USB ina akili zake. Prosesa inaipa orodha ya kazi, halafu inaendelea na mambo mengine. Ile ya BCM2835 haikuwa hivyo. Ilihitaji prosesa iishike mkono kila hatua. USB 2.0 hugawanya sekunde kuwa vipande 8,000, na draiva ya mwanzo iliweza kuikatiza prosesa mara 8,000 kila sekunde, hata kama hakuna kinachoendelea. Jaribu kusoma kitabu huku mtu anakugusa bega mara 8,000 kwa sekunde.

Mbaya zaidi ilikuwa kibodi na kipanya. Hivi ni vifaa vya kasi ya chini, na habu ilikuwa ya kasi ya juu, kwa hivyo kila swali lililazimika kugawanywa mara mbili: uliza sasa, rudi uchukue jibu baada ya muda maalum. Prosesa ikichelewa kidogo tu kurudi, jibu limepotea. Ile taarifa ya kwamba umeachilia kitufe haifiki, na kompyuta inadhani bado umekishikilia. Ndiyo maana herufi zilijirudia.

Kati ya 2013 na 2014 wahandisi wa Raspberry Pi waliandika upya sehemu hiyo ya draiva. Waliipa kazi ya USB njia ya dharura ndani ya prosesa, kama ambulensi inavyopishwa na magari mengine. Makosa yakapungua sana, na prosesa ikapumua. Na mtu aliyekuwa na bodi ya 2012 alipata nafuu hiyo bure, kwa kusasisha programu tu. Hebu niambie ni simu gani ya 2012 iliyopata zawadi kama hiyo miaka miwili baadaye.

Lakini programu haiwezi kuongeza leni kwenye barabara. Njia ilibaki moja.

Neno kubwa kwenye maelezo

Angalia sasa jinsi historia ilivyoenda. Julai 2014 ikaja Model B+ na poti nne za USB badala ya mbili. Watu wakashangilia. Barabara ileile. Februari 2015 ikaja Pi 2 yenye prosesa ya viini vinne. Barabara ileile. Mwaka 2016 Pi 3 ikaja na Wi-Fi, ambayo kwa bahati nzuri ilipitia mlango tofauti, lakini USB na Etheneti? Zilikuwa bado zinapanda feri moja. Chipu za bodi zote hizo zilijengwa juu ya mpango wa ile ya kwanza; walibadilisha injini, wakaacha fremu.

Halafu, Machi 2018, ikaja yangu: 3 Model B+. Etheneti ya Gigabiti. Chipu ya habu ilibadilishwa, na kweli hiyo chipu mpya inajua kuongea kwa gigabiti na ruta yako. Lakini kutoka hapo hadi kwenye prosesa inapita USB 2.0. Megabiti 1,000 zinaingia kwenye njia ya 480, na kinachofika ni kama 300. Raspberry Pi wenyewe walilisema hilo siku waliyoitangaza, sio siri. Mimi ndiye sikusoma zaidi ya neno Gigabiti.

Sasa rudi kwa kadi yangu ya harusi. Faili inatoka kwa laptopu, inapita kwenye kebo ya mtandao, inaingia Pi kupitia USB. Prosesa inaipokea, halafu inaituma kwa diski. Diski iko wapi? Kwenye USB. Yaani kila baiti ya bibi harusi ilipita kwenye barabara ileile mara mbili, kwenda na kurudi. Nilipima. Mtandao peke yake, bila diski: megabaiti 36 hivi kwa sekunde. Diski peke yake, bila mtandao: 34. Vyote pamoja: 16. Kisha nikachomeka diski moja kwa moja kwenye laptopu: zaidi ya 100.

Nilikaa kimya kama dakika tano. Halafu nikakumbuka nilichomwambia binamu yangu mbele ya shangazi zetu.

Barabara ilipopanuliwa

Juni 2019 ikatoka Pi 4 na chipu mpya kabisa, BCM2711. Etheneti ikapata mlango wake ndani ya chipu. USB ikahamishwa kwa chipu nyingine inayoongea na prosesa kupitia PCI Express, na poti mbili zikawa USB 3.0. Bei ya ile ya kumbukumbu ya gigabaiti 1? Dola 35, ileile ya 2012.

Hata hapo kulikuwa na mpaka mpya. Poti zote nne za USB zilishiriki leni moja ya PCI Express, na uwezo wake halisi ni kama gigabiti 4. Ukichomeka diski mbili za kasi, zinagawana. Ni ugomvi wa kiwango kingine, lakini ni ugomvi.

Mwaka 2023 ikatangazwa Pi 5, na safari hii walitengeneza chipu yao wenyewe, RP1, ya kusimamia USB, Etheneti na mengineyo. Kazi hiyo waliianza 2016, na kwa maelezo yao iligharimu kama dola milioni 15. Inaongea na prosesa kwa leni nne, na kila poti ya USB 3.0 inaweza kukimbia kwa kasi yake kamili wakati mmoja. Tangu mlango mmoja wa 2012 ilikuwa imepita miaka kumi na moja. Lakini bei nayo ilipanda: Pi 5 ya gigabaiti 4 ilianza kwa dola 60.

Sasa maoni yangu

Kuna watu hupenda kusema Raspberry Pi za kwanza zilikuwa takataka. Mimi nakataa. Kuna bodi zilizokuja zikiwa na njia pana zaidi; Banana Pi ya 2014, kwa mfano, ilikuwa na Etheneti ya gigabiti na tundu halisi la diski. Kwa upana wa barabara ilikuwa mbele ya Pi ya wakati huo kwa mbali. Lakini njia pana pekee haikutosha kuvuta umati. Pi ilikuwa na watu wa kuuliza, programu zinazosasishwa, na wahandisi waliokubali kurudi kwenye makosa yao. Na mtoto anayejifunza kuandika programu hahitaji megabaiti 100 kwa sekunde. Anahitaji mashine ambayo mzazi wake anaweza kuilipia. Kwa kazi iliyotengenezewa, ule mlango mmoja ulikuwa bei ya haki.

Kosa ni letu tunapoichukua kwa kazi nyingine bila kuuliza. Na hapa nawasema hasa nyinyi wenzangu mnaonunua vitu vya mkono wa pili. Sisi hununua maneno. Gigabiti. Viini vinane. USB 3. Tunahesabu matundu kwa nje kama mtu anayenunua nyumba kwa kuhesabu madirisha. Swali la maana ni: haya matundu yanakutana wapi? Bodi nyingi zinazojulikana zina mchoro unaoonyesha chipu gani imeshikana na ipi. Ukishindwa kuupata, washa mashine uandike lsusb -t. Inachukua sekunde mbili, na ingeniokolea elfu tano na miezi mitatu.

Na hiyo Pi yangu sijaiuza. Ni mashine nzuri, nilikuwa nimeipa kazi isiyo yake. Siku hizi kadi za kamera naziingiza moja kwa moja kwenye diski, na Pi inashughulikia nakala za usiku, wakati hakuna anayesubiri.

Binamu nilimpigia Jumamosi. Nilimweleza yote, kuanzia 1996 hadi RP1, na alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza kama hiyo historia yote ni njia ya kusema pole. Nikasema ndiyo. Akasema basi niiandike mahali watu wote wataiona, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu, halafu nimnunulie nyama kilo moja.

Hii hapa nimeiandika. Nyama ni wikendi ijayo.